Mzinga Uliopakwa Rangi ya Viatu

Nyumba yetu ilinuka rangi ya viatu, na wala hatukuwa na viatu vingi. Baba alikuwa mchongaji. Alitoka Ukambani na tezo mbili, akapata nafasi kwenye banda la wachongaji mjini Nairobi, na kila jioni alileta kazi nyumbani, mtaa wa Maringo, aimalizie uani. Tembo, twiga, vifaru, wote wa mti wa mhugu. Watalii walipenda mpingo, lakini mpingo ulikuwa umeadimika tayari, kwa hivyo mhugu ulipigwa msasa, ukapakwa rangi nyeusi ya viatu, ukasuguliwa mpaka ukang'aa. Kusugua kulikuwa kazi yangu. Nilikuwa darasa la tano, katikati ya miaka ya sabini, na nasema bila haya kwamba mtaa mzima hakuna aliyeweza kumng'arisha kifaru kama mimi. Baba alikuwa na mazoea ya kusema, huku akipuliza vumbi kwenye sikio la tembo, kwamba siku moja tutaishiwa na miti, tuishiwe na wanyama pia, tubaki na vinyago. Alisema hivyo kama mtu anayesema kesho kutanyesha, kisha akaendelea kuchonga.

Nyumba zetu zilizunguka ua mmoja, na katikati ya ua palikuwa na mjakaranda mkubwa na mfereji wa maji wa familia zote. Jirani yetu wa mlango wa pili alikuwa Mama Nekesa. Mumewe alifanya kazi reli, na walitoka upande wa Bungoma. Nyuma ya bafu, pale maji machafu yalipopitia, Mama Nekesa alikuwa amepanda malenge, na majani yake aliyapika kwa maziwa hadi harufu ikatutoa ndani. Hakuwahi kupika seveve, ndivyo walivyoyaita majani hayo, bila kutuletea bakuli. Basi Agosti moja, wakati wa ile baridi ya manyunyu, kundi la nyuki lilikuja likaingia kwenye tundu la mjakaranda. Baba aliporudi kazini akasimama chini ya mti na mfuko wake begani, asiingie ndani hata kunywa chai. Kwao kila mzee alikuwa na mizinga. Alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu tuhamie mjini, akatueleza wanawe namna nyuki wanavyotuma walinzi mlangoni. Alidhani ua mzima umefurahi naye.

Haukufurahi. Nyuki wanakunywa maji, na maji ya karibu yalikuwa pale mferejini. Akina mama walipoweka debe chini, nyuki walikuwa wamejaa kwenye mdomo wa bomba. Wiki ya pili Wafula, kitinda mimba wa Mama Nekesa, mtoto ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kukimbia, aliumwa mdomoni na kwenye kope. Uso ulimvimba, jicho likafunga, akakesha analia. Kesho yake watu wazima wakakutana chini ya mti, wakisimama mbali kidogo nao, na Mama Nekesa akasema maneno ambayo nayakumbuka mpaka leo kwa sababu hakupaza sauti.

"Baba Mwende, mimi na wewe hatuna ugomvi. Lakini mtoto ni wangu. Hao nyuki wakae kwenu."

Baba hakubishana. Aliomba mpaka Jumapili. Atachonga mzinga, Jumamosi jioni awahamishe, Jumapili alfajiri aupandishe kwenye basi la Machakos hadi shambani kwa nyanya. Wakakubali, ila wakasema wazi kwamba Jumapili ikifika na nyuki wangali hapo, watatumia mafuta taa na moto.

Kulikuwa na gogo la mhugu ambalo Baba alilitunza chini ya kitanda kwa ajili ya tembo mkubwa. Akalitoa hilo hilo. Alilitoboa kutoka ncha moja hadi nyingine, akachonga vifuniko viwili, akaacha tundu dogo la mlango, na nje akakata alama ya ukoo wetu, ili yeyote atakayeuona mzinga ajue ni wa nani. Ndani aliupaka nta kidogo. Akaniambia nisiguse nje kwa sababu rangi itaziba ile alama. Ijumaa mchana yeye yuko kazini, mimi nikakaa nautazama mzinga ule. Wallahi niliona aibu. Ulikuwa na makovu ya tezo kila mahali, na ulikuwa unaenda kwa nyanya, na watu wa huko wangesema huyu mchongaji wa Nairobi ndiyo kazi yake hii? Nje nilikatazwa. Ndani sikukatazwa. Nikajiambia kwamba nyumba ni ndani ndiko kunakokaliwa, nikafungua kifuniko, nikaingiza mkono mpaka kwapani, nikapaka rangi ya viatu makopo mawili mazima na kusugua hadi mkono ukafa ganzi. Nilijiona nimewafanyia nyuki jambo kubwa.

Jumamosi jioni Baba alirudi mbio, akawasha matambara yatoe moshi, akapanda ngazi. Kwa moshi na haraka hakuona weusi wa ndani. Harufu ile pia hakuihisi, na angeihisi vipi? Yeye mwenyewe alinuka rangi ya viatu tangu nizaliwe. Aliyakata masega polepole, akayapanga mzingani, akawachota nyuki kwa mikono mitupu kama anayechota maharagwe, na watu wakatazama kutoka madirishani. Kabla giza halijaingia wote walikuwa ndani. Mama Nekesa mwenyewe alitikisa kichwa kwa kustaajabu. Baba akauacha mlango wazi kidogo ili waliochelewa waingie.

Alfajiri tulikuta mzinga mtupu. Nyuki wote walikuwa wametoka wakajining'iniza kwenye bomba la mfereji, rundo zito kama mkungu wa ndizi, na hakuna aliyeweza kuteka maji. Siku ya kanisa hiyo, watoto hawajaoga, chai haijapikwa. Baba akausogeza mzinga karibu nao. Hawakuingia. Akainama, akaingiza kidole mlangoni, akakitoa cheusi.

"Mwende, ni wewe uliyepaka?"

"Nilitaka upendeze," nikasema.

Hakunipiga. Alikaa chini pale pale, akashika tezo, akaanza kuukwangua ndani, akiwaomba wenzake wamvumilie mpaka jioni. Baba Nekesa alisema pole, na nadhani alimaanisha, lakini kina mama walikuwa na madebe matupu na Wafula jicho lake lilikuwa halijafunguka vizuri. Baba Nekesa akafunga matambara kwenye mti wa ufagio, akayachovya mafuta taa, akayawasha. Baba aliona. Hakuinua kichwa. Aliendelea kukwangua wakati nyuki wanawaka, na aliendelea wakati wanafagiliwa, na hakuacha mpaka mzinga ule ukawa mweupe ndani. Nililia siku nzima. Watu walidhani nimeogopa moto, lakini nililia kwa sababu nilijua ni mimi niliyewaua.

Mvua za mwisho wa mwaka zilipokuja, malenge ya Mama Nekesa yalichanua maua ya manjano kote nyuma ya bafu. Yalichanua yakaanguka bila kushika tunda. Mama Nekesa alilaumu sabuni, akalaumu udongo, akafikia kulaumu jicho la mama mmoja wa nyumba za mbele. Asubuhi moja Baba alienda, akachuma ua dume, akalisugua ndani ya maua jike manne, kazi ya nyuki hiyo, akaenda kazini bila kueleza. Maua hayo manne yakashika. Boga la kwanza kukomaa Mama Nekesa alilileta kwetu mwenyewe, akaliweka mezani, akakaa muda mrefu kuliko kawaida ya mtu aliyeleta kitu.

"Baba Mwende, ule mzinga bado uko?"

"Uko."

"Basi utundike."

Baba akamwambia kwamba nyuki wakirudi patahitajika karai la maji lenye mawe ya wao kutua, liwekwe juani, mbali na mfereji, lisikauke hata siku moja. Wakishalizoea hawatafuata maji ya bomba. Mama Nekesa akamkodolea macho, akamuuliza mbona hakusema hayo Agosti. Baba akajibu kwamba Agosti alikuwa anafikiria mzinga tu.

Nyuki walikuja baada ya masika mawili. Mimi na Nekesa, yule binti wa jirani, tulilijaza karai lile kwa zamu, kabla ya shule na baada ya shule, mvua au jua, na tukigombana nani zamu yake, mama zetu walitukemea kwa lugha mbili. Watu waliumwa mara chache, wakala asali mara nyingi. Ilikuwa kazi ya kila siku, na ilidumu kwa sababu kila siku palikuwa na mtu wa kuifanya. Miaka mingi baadaye mjakaranda ulikatwa ili vijengwe vyumba vya kupangisha, na wakati huo sisi tulikuwa tumeshahama.

Sasa naishi mtaa wa Pipeline, ghorofa ya tano, mahali ambapo nikinyoosha mkono nakaribia kushika nguo za jirani wa jengo la pili. Baba hayupo. Mzinga wake uko kwenye roshani yangu, na kando yake karai lenye mawe, ambalo nalijaza kila asubuhi kabla sijanywa chai. Nyuki wanakuja. Sijui wanatoka wapi katika simiti yote hii. Wanakunywa, wanaruka juu ya kamba za nguo, wanaenda zao. Mwezi uliopita Nekesa alinitembelea kutoka Kayole, nyanya wa watu siku hizi, akaushika mzinga, akapapasa makovu ya tezo, akasema umechakaa mno, si ningeupaka hata vanishi kidogo uvutie.

"Uache hivyo," nikamwambia. "Nyuki bado hawajaingia."