Robo Saa Juu ya Langoni

Wiki iliyopita nilikaa barazani na simu mkononi, nikimpangia binti yangu safari ya ndege. Si safari ya kwenda mahali. Ni ya kupanda tu, kuzunguka visiwa vyetu, na kushuka. Anatimiza miaka saba na zawadi aliyoomba ni hiyo. Siku hizi mambo haya yana fomu zake. Unaulizwa mtoto ana kilo ngapi, kama anaogopa kupanda juu, mzazi gani atakaa naye, na chini kabisa pana nafasi tupu: eleza kwa nini ungependa mtoto wako apande ndege. Nikaandika "kujifurahisha", nikaituma, na majibu yakaja kabla chai yangu haijapoa. Jumamosi, inshallah, atapaa.

Ungedhani ningefurahi. Badala yake niliingia ndani nikajifungia chooni, mtu mzima mimi, nikalia mpaka mume wangu akaja kugonga mlango. Kwa sababu mimi nami nilipangiwa safari kama hiyo nilipokuwa na umri huohuo, na aliyenipangia hakuwa na simu wala fomu. Alikuwa na mikate ya mofa.

Ngoja nikueleze vizuri. Nyumba yetu ilikuwa Langoni, kwenye kichochoro chembamba ambacho punda wawili wakikutana lazima mmoja arudi nyuma. Tulikaa watu wanne: mama, baba, mimi, na bibi mzaa mama. Bibi ndiye aliyekuwa na mofa uani, lile tanuri la udongo, na kila asubuhi alikanda unga wa mtama na kubandika mikate ndani yake kwa mkono mtupu, bila kuungua. Kazi yangu ilikuwa kukusanya makumbi ya nazi na kupepea moto. Mpaka leo nikinusa makumbi yanayoungua nakohoa kabla moshi haujanifikia. Bibi alizaliwa Chundwa, kule kisiwa cha Pate, akaletwa hapa mjini kwetu Amu na ndoa, na hiyo ndiyo safari ndefu kuliko zote alizowahi kusafiri.

Baba alikuwa fundi wa milango. Karakana yake ilikuwa vichochoro viwili kutoka nyumbani, na kutoka uani tulikuwa tunasikia nyundo yake ikigonga patasi. Mama alikuwa akisema anajua saa za mumewe kwa mlio ule: ukinyamaza, anakuja kula.

Siku mama aliposhikwa na tumbo, baba alikuwa Chundwa kumfungia mtu mlango mpya. Hospitali walisema ugonjwa ule hawauwezi, apelekwe Nairobi siku hiyohiyo. Kwa bahati palikuwa na ndege ndogo ng'ambo, kwenye kiwanja cha Manda, yenye nafasi. Nilimwona mama akibebwa na kitanda chake mpaka kwenye boti. Alikuwa amejifunika leso na hakugeuka kunitazama, labda kwa maumivu. Nilibaki bandarini na bibi hadi ndege ikapanda juu ya mikoko, ikapinda, ikaenda zake. Baba alifika jioni, vumbi la mbao bado liko kichwani, akaikuta nyumba haina mke.

Mjomba wangu aliyekuwa akifanya kazi Nairobi ndiye aliyempokea. Siku ya tatu mama akafariki, na kama ujuavyo sisi maiti hatumlazi. Alizikwa hukohuko kabla ya alasiri. Kwetu ikasomwa hitma, watu wakala wakaomba dua, wakaondoka. Hakuna jeneza lililopita kichochoroni. Hakuna kaburi ambalo ungepita karibu nalo ukaambiwa, yule pale.

Sisemi kwamba nilifichwa. Bibi alinikalisha chini akaniambia wazi kuwa mamangu amefariki. Ila mimi sikuona kitu. Nilichoona kwa macho yangu ni ndege ikimchukua, na ndege zilikuwa zikirudi kila siku.

Kwa hiyo nikawa nangoja. Kila ndege ikilia juu ya mji natupa kipepeo, naacha mkate uungue, nakimbilia bandarini. Boti za kutoka Manda zikitia gati nasimama palepale penye ngazi, na kila mwanamke mwenye buibui anayeshuka namwinamia nimtazame usoni. Wengine walicheka, wengine walinipa peremende. Mwalimu wangu wa chuoni, tulikosomea Kurani, alinichapa kwa kukosa darasa, kisha akasikia kisa chenyewe na hakunichapa tena. Miezi ikapita hivyo, na mwili wangu ukaisha, kwa maana nilikuwa nakula nikiwa nimesimama, sikio liko juu.

Sasa, palikuwa na rubani mmoja kijana, mtu wa bara, mrefu, mwenye miwani nyeusi. Kila Alhamisi alileta wageni asubuhi na kuondoka na wengine mchana, na katikati hapo alivuka kuja mjini kutafuta chakula. Mtu gani alimwonyesha mikate ya bibi sijui, lakini alipoionja mara moja hakuenda tena mkahawani. Alikuja kukaa barazani kwetu, magoti yamemfika kidevuni, akila mofa na mchuzi wa samaki kwa adabu nyingi. Bibi alimwangalia Alhamisi nne. Ya tano akatoka nje, buibui liko kichwani, akasimama mbele yake.

"Mwanangu, nina haja nawe," akasema. "Mwana huyu mpandishe ndege yako, mzungushe, kisha unirudishie. Namweka mikononi mwa Mola, kisha mwako."

Rubani akaacha kula. "Mama, hiyo ndege si yangu, iko na wenyewe. Na mtoto hawezi panda peke yake. Mzazi lazima akuje, na aweke sahihi."

"Babake atakuya," bibi akajibu, na baba hakuwa ameulizwa.

Alipoulizwa alikataa. Kwetu mkwe humwonea haya mama mkwe wake, na baba alikuwa hamtazami bibi usoni hata wakizungumzia chumvi. Siku hiyo alitazama mlango na kusema, "Mama, mimi ndege ile sipandi." Akarudi karakanani, na nyundo ikagonga mpaka magharibi. Tangu mama afe alikuwa amekuwa mtu wa kugonga tu. Nadhani alijiona mwenye hatia kwa ule mlango wa Chundwa, lakini hakuwahi kulisema, nami nakisia kwa kuwa nimekuwa mkubwa.

Bibi hakubishana naye. Alingoja ndege ilie, akapita karakanani, akamwita amfuate. Mimi sikuwaona, nilikuwa kwenye ngazi za gati na kazi yangu. Baba ndiye aliyenisimulia miaka mingi baadaye. Walisimama nyuma ya marundo ya magunia, wakanitazama nikiwainamia wanawake mmoja mmoja.

"Haya mtazame," bibi akamwambia. "Yuwamtafuta mamake katika nyuso za wake wa watu. Wewe una mbao zako za kugonga. Yeye ana hii."

Baba aliweka sahihi Alhamisi iliyofuata. Rubani naye alikuwa ameshaomba ruhusa kwa wenyewe, akapewa robo saa, na akasema siku wanapokuja wageni wachache ndiyo siku yetu.

Siku yenyewe bibi alinivisha nguo ya Idi, akanitia wanja na kunifukiza udi, akaweka mkono kichwani akanisomea. Alimfungia rubani mikate katika kitambaa cheupe. Alitusindikiza mpaka gatini lakini hakuvuka. Alisema atatungoja pale. Mimi roho ilikuwa juu. Hakuna mtu aliyeniambia tunakwenda kuzunguka tu, au niliambiwa na sikutaka kusikia. Nilijua kwamba ndege ile ndiyo iliyomchukua mama, na kwamba nikiingia ndani yake itanipeleka alipo.

Ilikuwa ndogo kuliko nilivyodhani. Viti sita, na nyuma ya viti mahali pa mizigo. Nilipoingia nilitazama kila kiti, kisha nikatazama nyuma kwenye mizigo. Baba aliniona nikitazama. Akanifunga mkanda, kucha zake zina gundi.

Ikapanda. Tumbo likabaki chini, mimi nikaenda juu. Nikaona mji wetu, mapaa ya makuti na madari meupe, hauzidi sinia moja ya pilau. Rubani akapaza sauti kushinda injini: ile Langoni, ile misikiti, kule mwisho kabisa Kipungani na minazi yake. Watoto wengine wangepiga vigelegele. Mimi nilikuwa nangoja tuachane na vile visiwa, twende. Badala yake bawa likainama, na chini yangu nikaiona Manda tena, na kiwanja.

"Nairobi iko wapi?" nikamuuliza.

Rubani akanyoosha kidole upande wa bara. "Huko. Mbali sana. Kama saa mbili hivi."

Nikatazama. Palikuwa na vichaka, kisha ukungu, kisha hakuna kitu. Hapo ndipo nilipoelewa, na nilielewa yote kwa pamoja. Ndege hii ilimfikisha huko, ikarudi. Ilikuwa imerudi mara nyingi sana, Alhamisi baada ya Alhamisi, ina viti sita, na mtu angetaka kurudi angepata kiti. Nilimchukia bibi. Kwa muda uliobaki angani nilimchukia kwa moyo wangu wote, maana nilipokuwa nangoja nilikuwa na mama, na yeye alikuwa amenipandisha juu kusudi nimpoteze. Baba alikuwa amegeukia dirisha upande wa pili. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, na sikuwahi kumwona akilia kabla ya hapo.

Tulivuka kwa boti. Bibi alikuwa palepale tulipomwacha, amesimama juani, hakukaa hata kwenye gunia. Nilikuwa nimejiandaa kumnunia. Lakini hakuniuliza kama nimefurahi, wala kama nimeacha kungoja. Alimtazama baba usoni, mkwe wake, na akauliza kwa sauti ndogo ambayo sikuwa naijua.

"Mumeliona kaburi la mwanangu?"

Sikiliza. Yule mama alikuwa hajawahi kupanda juu kuliko dari la nyumba yetu. Kutoka darini unaona Manda. Mkwezi aliye juu ya mnazi huona mpaka Pate. Basi aliye juu ya ndege ataona wapi? Kwa hesabu zake ataiona nti yote, hata Nairobi, hata makaburi yake. Alhamisi zile zote alizomlisha rubani mofa, alitaka niponywe, ndiyo, lakini alitaka pia mtu wa nyumbani kwake aende juu akatazame alipolazwa binti yake. Kwetu wanawake hawafuati jeneza, wao huambiwa tu mahali. Yeye hata kuambiwa hakuambiwa. Na mimi, mtoto wa miaka saba, sikuwa nimewahi kufikiri kwamba mamangu alikuwa mtoto wa mtu.

Baba alikuwa mtu wa kung'oa mlango mzima kwa sababu umepishana kwa unywele. Sikuwahi kumsikia akisema uongo. Akasema, "Tumeliona, mama. Ni pahali pasafi. Pana ukuta, na pana mti."

"Mti gani?"

Baba akakwama. Bibi akaanza kumtazama kwa namna nyingine. Kisha akanigeukia mimi. "Nawe mwanangu, umeona kwa mato yako?"

"Nimeona, bibi," nikasema. "Ni mlangilangi. Uko upande wa kichwani kwake."

Hivyo ndivyo nilivyomzika mama. Si kwa koleo wala kwa hitma. Kwa maneno hayo, pale gatini, wapakizi wakipita na mizigo yao. Bibi akasema alhamdulillahi, akanishika mkono, tukaenda nyumbani, na njia nzima hakuufuta uso wake.

Sikwenda tena kuwainamia wanawake. Lakini kila Alhamisi baada ya magharibi, bibi akishamaliza Yasini yake, alikuwa akiniita. "Ule mlangilangi, watia kivuli kaburini?" Nami najibu, asubuhi watia. "Una maua?" Yameanza, bibi. Miaka na miaka nilimtunzia mti ule. Niliuwekea ndege wa kuimba, nikauwekea kisima karibu, na baba akinisikia alikuwa akiinuka kwenda uani.

Nilipokwenda kusoma Nairobi, mjomba alinipeleka makaburini. Ni safu nyingi, vichuguu vya udongo vimelala, havina majina, kama dini inavyopenda. Mjomba alitembea, akasimama, akarudi nyuma hatua kumi, akaniambia ni hili, au hili. Mlangilangi haukuwepo. Nimeambiwa baridi ya kule haiuruhusu. Niliporudi likizo bibi alikuwa ameshakuwa kipofu, na kabla hata sijavua viatu akaniuliza. Nikamwambia umetoa maua mengi, mpaka yamefunika kaburi, huoni udongo. Alicheka, meno yake mawili yakaonekana.

Bibi amefariki, na baba akamfuata mwaka uleule. Nyumba ya Langoni tuliiuza; imekuwa ya wageni, na uani palipokuwa na mofa sasa pana kidimbwi cha kuogelea. Mtama siku hizi hakuna anayeukanda. Haya yote naweza kuyavumilia, kila mtu wa Amu ana nyumba yake aliyoipoteza. Lisilovumilika ni Alhamisi. Magharibi inaingia, watu wanasoma Yasini zao, nami nakaa na jibu langu tayari, na hakuna mtu tena duniani wa kuniuliza kama mlangilangi wa mama umetoa maua.