Siku Kompyuta Ilipomwita Mama Eva Mwizi

Chekeni kabisa sasa hivi mmalize, maana nikifika katikati sitaki kukatizwa: mimi ndiye yule aliyemwita Mama Eva mwizi mbele ya watu wazima arobaini na mkuu wa shule mmoja, kwa herufi kubwa nyeupe, ukutani, Jumapili, dakika tano baada ya sala. Sikumwita kwa mdomo (afadhali ingekuwa kwa mdomo, ningesingizia malaria), nilimwita kwa kompyuta, tena kompyuta kumi na mbili.

Mimi hapa Guangzhou, China, kazi yangu ni suruali, nanunua kwa jumla napeleka Tabora, lakini kuna siku laoban wa kiwanda, yaani bosi, anakwambia mzigo bado, basi unabaki chumbani mtaa wa Sanyuanli unatazama dari, na katika kutazama dari ndiyo nikaanza kujifunza lugha ya kompyuta iitwayo asembli. Asembli ni kuongea na kompyuta uso kwa uso, bila mkalimani, na mimi nilipenda kile kiprogramu kidogo kinachoamka kabla ya vyote ukishabonyeza kitufe cha kuwasha, baiti mia tano na kumi na mbili tu, hakuna mwingine ndani ya mashine isipokuwa wewe. Siku niliyofanikiwa kuandika herufi moja, A, kwenye skrini nyeusi, nilimpigia mke wangu kumpa habari. Akaniuliza, "A ya nini?" Nikamwambia mtandao unasumbua, nikakata.

Sasa Mama Eva. Huyu ni mwenyekiti wa ushirika wetu wa sala wa Jumapili, mama wa Mbeya, mnunuzi wa redio na majiko ya umeme, na alikuwa amechangisha watu tukapata kompyuta mpakato kumi na mbili za mitumba kwa ajili ya sekondari moja ya kwao. Na hapa lazima niseme lile lililoniponza. Mwaka jana alituma katoni ya vitabu kwenye shule hiyohiyo na haikufika. Yeye akasema imepotelea njiani, watu wakaitikia "pole mama", halafu huko kwenye meza za mgahawa wetu mtaa wa Xiaobei minong'ono ikaanza. Nani alisema "katoni haina miguu, ikiondoka imebebwa"? Nilisema mimi. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, nikajiona bingwa.

Kwa hiyo safari hii mama hakutaka mchezo. Akaniita: "Fadhili, si wewe ndiye injinia? Niwekee onyo humo ndani, mwizi akiiwasha tu alisome kabla ya chochote."

Nikaweka. Onyo lilikuwa hili: MWIZI WA KOMPYUTA HII, MUNGU ANAKUONA. IRUDISHE SHULENI. Nikalijaribu, likafanya kazi, na ningeishia hapo leo ningekuwa mtu mwenye heshima zake. Lakini Jumapili asubuhi, nikiwa napiga pasi shati, nikawaza: hafla yenyewe ni ya kumshukuru mama, wataunganisha projekta, mkuu wa shule atakuwa kwenye simu ya video, kwa nini mashine isianze kwa kumpa mama sifa zake? (Nilitaka pia nisifiwe mimi, siwafichi.) Nikaandika ujumbe wa pili utakaotangulia: KARIBU MAMA EVA MLEZI WA WATOTO WETU. Utokee huo kwanza, ukibonyeza kitufe lifuate onyo.

Sasa jumbe mbili zinahitaji mahali pawili pa kukaa kwenye kumbukumbu ya mashine, na kwenye programu za namna hii anwani ya mahali huandikwa kwa namba mbili, ya kwanza ni ya segimenti, ya pili ni hatua ngapi uingie ndani yake. Mimi nilivyoelewa (nilivyoelewa!) kila segimenti ni chumba chenye kuta zake na mlango wake. Onyo lilikuwa segimenti 1000, basi ile salamu ya KARIBU nikaiweka hapo, nikalihamishia onyo segimenti 1001, chumba cha jirani. Salamu niliijaribu peke yake, ikatoka safi. Zote mbili pamoja sikuzijaribu, muda ulikuwa umekwisha, nikazimwaga kwenye mashine zote kumi na mbili kwa flashi nikakimbilia metro.

Ukumbi ulijaa. Sala aliongoza Papa Deo, mfanyabiashara wa Kikongo kutoka Lubumbashi, mtu wa suti na pafyumu. Mkuu wa shule alikuwa kwenye simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya soda, Mama Eva amevaa kitenge kipya mstari wa mbele, na mimi nikasimama nikakohoa kama waziri.

"Mama yetu," nikasema, "mashine yenyewe ina neno kwako."

Nikawasha. Mkuu wa shule, kwa kuwa kule kwake picha ilikuwa hafifu, akaamua kusoma kwa sauti, polepole, kama analisomea darasa: "Karibu… Mama Eva… mwizi wa kompyuta hii… Mungu anakuona…" Kisha tukamsikia anamuuliza mtu pembeni, "Nimesoma sawasawa?"

Nilibonyeza kitufe haraka ili hayo yaondoke, nikasahau kinachofuata. MWIZI WA KOMPYUTA HII, MUNGU ANAKUONA. Sasa ikawa kama mashine inakazia. Nikaizima, nikaiwasha, ikarudia ileile salamu bila aibu. Papa Deo, kwa nia njema kabisa, akasema, "Attendez, mungoje, pengine ile moja iko malade, iko mgonjwa, tujaribu ingine," akawasha ya pili, akawasha ya tatu, akainua mikono: "Eeh maman! Hizi zote ziko nasema vilevile!"

Pale nilitamani ardhi ipasuke, ila tulikuwa ghorofa ya tatu.

Nikaanza kujieleza, jasho linatiririka. Kumbe segimenti hazina kuta. Kutoka 1000 kwenda 1001 hujahamia chumba kingine, umesogea hatua kumi na sita tu kwenye korido ileile, kama kusogeza kiti vigae kumi na sita. Kwa hiyo salamu yangu ilikaa, halafu onyo likaja kuikalia juu kuanzia herufi ya kumi na saba, na herufi kumi na sita za kwanza, ukihesabu na nafasi, ndizo hizo: KARIBU MAMA EVA. Mlezi wa watoto akafutika, akaandikwa mwizi. Niliwahesabia moja moja ukutani kwa kidole. Hakuna aliyehesabu nami. Walikuwa wananitazama kama mtu aliyepanga, na sikuwalaumu, kwa kuwa nusu yao walikuwepo mgahawani siku ile.

Mama Eva alisimama. Nilidhani atanipiga.

"Mwacheni," akasema. "Kompyuta imenisema mbele ya uso wangu. Ninyi mmenisema mgongoni mwaka mzima." Akanigeukia, sauti imeshuka: "Katoni haina miguu, Fadhili. Maneno yako yalinifikia siku ileile. Nilikuwa nasubiri uje kuniambia mwenyewe, ukaja kuniomba chaji ya simu."

Jamani, niliumia. Ukumbi mzima watu waliinamisha vichwa wakaangalia viatu vyao.

"Haya rekebisha," akasema.

Nikakaa chini mbele ya wote, nikalitoa onyo 1001 nikaliweka 2000, mbali kabisa, nikawasha. KARIBU MAMA EVA MLEZI WA WATOTO WETU. Mkuu wa shule akasoma tena, safari hii bila kusita, na huko kwake tukasikia watoto wanapiga makofi.

Mama akaangalia ukuta, akaniangalia mimi. "Mashine umeirekebisha. Mdomo je?"

Basi nikasimama nikasema, bila segimenti wala nini, kwamba mimi ndiye niliyesema maneno yale, kwamba sikuwa na ushahidi wowote, nilitaka tu watu wacheke, na kwamba namwomba msamaha. Papa Deo naye akasimama, "Na mimi, maman, nilicheka. Pardon." Wakafuata wengine, mmoja mmoja.

Hakunisamehe bure. Jumatatu, nilipokwisha kurekebisha mashine nyingine kumi na moja, alinipa katoni zote nizipeleke mwenyewe kwa wakala wa kago, nisimame pale mpaka zipande lori la kwenda bandarini Huangpu. "Na ukinikuta nimejificha ndani ya katoni," akasema, "piga kelele za mwizi, si umezoea?" Nilisimama juani kwa muda wa saa tano, na jina lake niliandika mwenyewe pande zote sita za kila katoni.

Asembli bado naandika, ila sasa nikiweka vitu viwili napima kwanza umbali, na sijaribu kimoja kimoja tena. Mgahawani naagiza, nakula, naondoka. Katoni haina miguu, hilo bado ni kweli. Neno langu ndilo lililokuwa nayo: lilitembea kutoka meza yangu mpaka mlangoni kwa Mama Eva siku ileile, na mimi kuja kumwambia samahani kukanichukua mwaka.