Lori la 10,001

Harufu ya dizeli ikichanganyika na vumbi lililonyunyiziwa maji hunilazimisha kukiri jambo ambalo nimelikana hata mbele ya mume wangu: nilipokuwa na miaka kumi nilimiliki malori. Mengi tu. Yote yalisimama kwenye foleni ya mpaka pale Tunduma, mbele ya genge la mama, na hakuna dereva aliyejua kwamba bosi wake amevaa kandambili zisizofanana.

Umiliki ulikuwa na sheria. Ukiigawanya bila baki namba iliyoandikwa ubavuni mwa tela, kwa namba isiyo moja wala yenyewe, lori ni lako. Ikikataa, ni la aliyetangulia kusema "Tasa!", mradi asiumbuliwe kabla lori halijavuka geti. Foleni haikuwa na haraka, nasi tuligawanya kwa kijiti mavumbini mpaka magoti yakawa na rangi ya barabara.

Mpinzani wangu alikuwa Chanda, mtoto wa mama mdogo aliyeolewa Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Likizo zote alishinda kwetu. Siku moja likaja lori jekundu, jipya, namba 10,001.

"Tasa!" nikapiga kelele kabla halijasimama.

"Iwe, wewe dada, umeipima saa ngapi?"

"Iangalie sura yake. Hiyo ni ya kugawanyika?"

"Hata wewe sura yako ni ya mtu mwenye akili."

Tatu ikakataa. Saba ikaacha baki. Mwalimu alitufundisha kwamba mia mara mia ni elfu kumi, hivyo tukishajaribu tasa zote chini ya mia, kesi imekwisha. Tulikula mihogo kwa mkono mmoja, tukagawanya kwa mwingine. Tulipomaliza sabini na moja, lori likanguruma. Chanda akalikimbilia akipunga kijiti: "Bado! Subirini!" Dereva akadhani anaagwa, akampigia honi. Likavuka.

Mama alicheka mpaka akamwaga chai. Chanda alirudi kwao jioni ile, na likizo iliyobaki hakukanyaga kwetu. Nikawa na lori jekundu, bila mtu wa kumringia.

Tulipatana, tukakua. Chuo kikuu nilisomea fasihi, mahali salama kwa mtu mwenye tasa ya mashaka. Nilichelewa kuelewa kwamba namba isiyogawanyika, na ile ambayo hakuna aliyeigawanya bado, husimama foleni moja zikiwa na sura ileile. Na kwamba kushinda peke yako ni upweke wenye honi.

Juzi simu ikaita. Chanda, siku hizi fundi magari kulekule Nakonde, hakunisalimia hata.

"Dada. Sabini na tatu mara mia moja thelathini na saba."

Nikanyakua kalamu ya mwanangu, nikazidisha. 10,001 kamili.

"Chanda! Ndiyo iliyokuwa inafuata!"

"Ndiyo iliyokuwa inafuata," akasema, na wote wawili tukacheka mpaka tukakohoa.

"Lakini umechelewa, mdogo wangu. Lori limeshavuka."

"Limevuka kwenda wapi, dada? Si huku kwetu?"