Kila Siku Tarehe Kumi

Kwa miaka kumi na tisa mwanamke huyu ameuza dawa katika duka la shemeji yake, mdogo wa mume wake, na wateja karibu wote wanamwita Bi Lebo. Jina hilo alilipata kwa haki. Hakuna kichupa kilichowahi kutoka mikononi mwake bila lebo, hata kama mteja ni jirani aliyekuja kununua kitu kilekile kwa mara ya mia. Mume wake humtania kwamba siku atakapokufa atakuwa ameshabandika lebo kwenye jeneza lake mwenyewe: tikisa kabla ya kutumia.

Zamani aliziandika kwa kalamu, kwa herufi kubwa za kistaarabu. Halafu shemeji akanunua kompyuta, na pamoja nayo programu ya maduka ya dawa iliyokuja ndani ya boksi, na kitabu chake cha maelekezo. Kazi ikawa nyepesi. Unaandika jina la dawa na tarehe aliyozaliwa mgonjwa, programu inapiga hesabu ya umri, inajua kiasi cha dawa kinachomfaa, na mashine ndogo iliyo pembeni inatema lebo. Bi Lebo aliipenda programu ile kama watu wanavyompenda mfanyakazi mwenzao asiyenuna.

Iliwatumikia miaka sita bila ugomvi. Kisha asubuhi moja ikawaandikia kwamba mpango umebadilika. Kuanzia sasa programu hainunuliwi, inalipiwa kila mwezi, na leseni yao ya zamani itakoma tarehe thelathini ya mwezi wa nne. Hebu fikiria mtu amenunua kabati, amepanga humo nguo zake zote, halafu seremala anabisha hodi kumweleza kwamba lile kabati hakuuziwa, alipangishwa, na ufunguo anao yeye. Shemeji aliposoma ujumbe ule alizunguka duka zima akiongea peke yake.

"Silipi kodi ya kitu changu," alisema. "Hata waje na farasi."

Hawakuja na farasi. Alikuja fundi wa kompyuta wa mtaa wa pili, kijana mcheshi mwenye funguo nyingi kiunoni, akasema dawa yake ni rahisi. Ondoeni mtandao kwenye kompyuta. Kila asubuhi, kabla ya kufungua programu, irudisheni tarehe nyuma, muiweke kumi ya mwezi wa nne. Programu itadhani leseni bado ina siku ishirini, na itafanya kazi mpaka mwisho wa dunia. Shemeji alicheka mpaka akafuta machozi.

Basi kazi ya kwanza ya Bi Lebo kila asubuhi ikawa hiyo. Nyumbani wakapata la kuchekea. Mume wake akimkuta anavaa viatu humuuliza, "Kwenu leo ni tarehe ngapi?" Anajibu, "Kumi." "Na kesho?" "Kumi." "Basi wewe huzeeki, mimi ndiye nitakayezeeka peke yangu."

Yeye alicheka nao, lakini tangu siku ya kwanza alikuwa na hofu. Hakujua anaogopa nini hasa. Pengine kampuni ingegundua, pengine wangekuja watu wenye karatasi za mahakama, wamkute yeye kaunta na shemeji hayupo. Kila asubuhi kabla ya kubonyeza kitufe kile alitazama mlangoni kwanza. Alimwambia shemeji mara moja tu, na shemeji akamjibu, "Wewe bonyeza, shemeji yangu. Hakuna anayekufa kwa tarehe." Akabonyeza. Kwa kuwa lebo zilitoka na tarehe ya uongo, alikuwa akiikata kwa kalamu na kuandika ya kweli juu yake, na hapo akajiridhisha kwamba amemaliza madhara yote.

Siku yenyewe ilikuwa tarehe kumi na sita ya mwezi wa sita, saa nne asubuhi. Bibi mmoja alikuja kumnunulia dawa mjukuu aliyezaliwa wiki iliyopita. Bi Lebo akaandika tarehe ya kuzaliwa, na programu ikakataa. Ikaandika kwa rangi nyekundu: *Tarehe ya kuzaliwa haijafika.* Kwa kompyuta iliyo katika mwezi wa nne, mtoto wa mwezi wa sita bado hajazaliwa.

Kidole chake kilikwenda chenyewe kwenye mwaka, kikarudisha mwaka mmoja nyuma. Kilikwenda bila kuulizwa, kama mtu anayeijua njia. Programu ikatulia. Hapo ndipo Bi Lebo aliposhtuka, kwa sababu alikumbuka kwamba juzi alifanya vilevile.

Juzi, tarehe kumi na nne, kulikuwa na foleni hadi mlangoni. Mama mmoja kijana alikuwa ametoka kliniki kumchanjisha mwanawe wa wiki sita, na karatasi ya nesi ilisema ampe dawa ya maji ya homa, kwa umri. Mtoto alizaliwa tarehe tatu ya mwezi wa tano. Programu ilikataa, watu nyuma walikuwa wanasonya, naye akarudisha mwaka ili ikubali, akinuia kusahihisha kiasi kwa kalamu. Kisha simu ikalia. Alibandika lebo, akaikata ile tarehe ya uongo kwa kalamu kama kawaida yake, akaandika ya kweli, akampa mama kichupa. Tarehe aliikumbuka. Kiasi alikisahau.

Kwa hesabu ya programu yule mtoto alikuwa na miezi kumi na moja. Lebo ilisema mililita tano, mara nne kwa siku. Mtoto wa wiki sita ilikuwa apewe nusu ya kiasi hicho, na si zaidi ya mara mbili, kwa sababu ini lake bado ni changa, na dawa ile ikizidi huliharibu kimyakimya. Ilikuwa siku ya tatu.

Alimwambia yule bibi asubiri kidogo, sauti ikatoka nyembamba hata bibi akamuuliza kama anaumwa.

Programu ilikuwa na namba ya simu ya kila mteja. Lakini ilitafuta kwa jina au kwa siku ya mauzo, na jina hakulijua. Mtoto alikuwa hajapewa jina, na yeye alikuwa ameandika "Mtoto" tu. Akatafuta kwa siku. Yakatoka mauzo yote ya mwezi wa tano na wa sita, mamia kwa mamia, kila moja limeandikwa kumi ya mwezi wa nne, na kina Mtoto hawakuwa na idadi. Alishuka ukurasa baada ya ukurasa, macho yanamcheza.

Ndipo akafanya kosa la pili. Kwa akili ya mtu aliyechanganyikiwa alidhani kwamba akiirudisha tarehe ya kweli, yale mauzo nayo yatajipanga kila moja katika siku yake. Akaandika kumi na sita ya mwezi wa sita. Skrini ikawa nyeupe, kisha yakatokea maandishi ya upole: *Leseni yako imekwisha. Kumbukumbu zako ziko salama. Lipia ili kuzifungua.* Akairudisha kumi ya mwezi wa nne mbiombio. Sasa ikaandika: *Tarehe imechezewa.* Basi.

Ziko salama. Alitamani kuipiga skrini kofi.

Alimpigia shemeji, simu imezimwa. Akapiga namba ya kampuni iliyokuwa chini ya skrini. Sauti ya kurekodiwa ikamwambia simu yake ni muhimu sana kwao, ikamchezea muziki, ikamwambia tena ni muhimu, hadi akapokewa na kijana mwenye adabu.

"Karibu, dada. Nikusaidie nini leo?"

"Kaka yangu, nifungulie dakika moja tu. Nataka namba moja ya simu. Kuna mtoto mchanga nimempa dawa nyingi, mama yake hajui."

"Pole sana, dada. Naona leseni hii iliisha tangu mwezi wa nne."

"Hizo namba nimeandika mimi. Ni wateja wangu."

"Nakuelewa kabisa. Ila kwa usalama wa kumbukumbu zako mwenyewe siwezi kuzifungua kabla ya malipo kuthibitishwa."

"Nikilipa sasa hivi, kwa simu yangu hii?"

"Itathibitishwa ndani ya saa ishirini na nne, dada. Kuna jambo lingine ningekusaidia?"

Alikaa na simu sikioni hata baada ya kukatwa. Kichwani alimwona yule mama akitikisa kichupa, akipima kijiko kwa uangalifu, akisoma lebo yake nzuri iliyopigwa chapa. Yule bibi wa kaunta ndiye aliyemzindua.

"Mwanangu, watoto wachanga kliniki si wanaandikwa?"

Bi Lebo alimwomba bibi arudi baadaye, akafunga duka bila kuvua koti lake jeupe. Kliniki ilikuwa mwendo wa dakika kumi. Alikwenda nusu akitembea, nusu akikimbia, na watu waliomfahamu walimpisha wakidhani kuna msiba. Nesi alikuwa anapanga pamba. Alimsikiliza hadi mwisho, akavuta daftari kubwa lenye jalada lililochanika na kupita kidole chake kwenye mistari ya tarehe kumi na nne. Dakika haikuisha.

"Mtoto wa kiume. Nyumba ya bluu, nyuma ya karakana ya milango ya chuma. Simu hakuandikisha." Akamtazama usoni. "Nenda, dada. Ukimpata, mlete hapa hapa. Namwita daktari."

Nyuma ya karakana kulikuwa na nyumba tatu za bluu. Kwenye ya kwanza hakufunguliwa. Kwenye ya pili mzee alimwambia hapana watoto hapa, labda kwa jirani. Kwenye ya tatu mlango ulikuwa wazi, na kabla hajabisha hodi alimwona yule mama amekaa kitandani, mtoto yuko mapajani, kichupa kipo kwenye stuli, na kijiko tayari kimejaa.

"Usimpe," Bi Lebo alisema. Alikuwa anahema hata neno lilitoka kama amri.

Mama alikishikilia kijiko hewani. Alimtambua kwa koti. "Ni wewe, mama wa dukani? Karibu. Kuna nini?"

"Lebo imekosewa. Amekunywa mara ngapi?"

Yule mama aliweka kijiko chini polepole. Alieleza kwa aibu, kana kwamba yeye ndiye mkosaji. Siku ya kwanza alikiona kile kijiko kikubwa kwa mdomo mdogo vile, akaogopa, akampa nusu, tena mara mbili tu. Jana asubuhi joto likapanda. Akajilaumu. Akasema moyoni, mimi ni nani hata nibishane na kompyuta? Tangu jana asubuhi alikuwa akimpa kama ilivyoandikwa, bila kukosa hata mara moja.

"Leo amelala sana," akaongeza. "Nikafurahi kwamba amepata nafuu."

Bi Lebo alimgusa mtoto shavuni. Alikuwa na joto la kawaida, lakini hakufumbua macho. Akamwinua mama kwa mkono, akachukua kichupa na kadi ya chanjo, wakatoka.

Kliniki walimpokea palepale. Daktari alikuwa mwanamke asiye na maneno mengi. Aliuliza uzito, akahesabu vijiko kwa vidole, akaandika, akatoa damu kwenye kisigino cha mtoto, na yule mtoto akalia. Bi Lebo hakuwahi kusikia kilio kitamu kama kile. Wakaambiwa wasubiri kwenye benchi la ukumbini hadi majibu yatoke, na saa tatu zile zilikuwa ndefu kuliko miaka yote kumi na tisa. Kila mlango ulipofunguliwa alisimama.

Saa tisa daktari alitoka. Alisema nusu zile za siku ya kwanza zimemsaidia sana, na kuwahi kwa leo kumesaidia zaidi. Ini halijaguswa, ila alale hapa usiku huu wamwangalie, na kesho wapime tena. Yule mama alifunika uso kwa kanga akalia. Bi Lebo naye alilia, akageukia ukutani ili asionekane.

Walipobaki wawili, mama alimshika mkono. "Mungu akubariki, mama. Mwingine angenyamaza. Hizi kompyuta nazo zinakosea, bwana."

Angeweza kuishia hapo. Mkono ulikuwa wa moto na wa shukrani, na hakuna aliyemuuliza kitu.

"Haikukosea kompyuta," alisema. "Tuliidanganya kwamba bado ni mwezi wa nne, ili tusilipie. Ikamkataa mwanao, ikasema hajazaliwa. Nikamwandikia mwaka mwingine, halafu nikasahau."

Mama aliuondoa mkono wake. Alimhamishia mtoto upande wa pili wa kifua, ule wa mbali, akavuta kanga ikamfunika kichwa. Kisha uso wake ukaanza kubadilika tena, sasa kwa hofu isiyokuwa ya mwanawe.

"Tangu mwezi wa nne?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Na hao wengine waliozaliwa tangu wakati huo?"

Bi Lebo alitaka kusema hakuna wengine. Akakikumbuka kidole chake asubuhi ile, namna kilivyokwenda chenyewe bila kuulizwa. Namba zao zote zilikuwa dukani, ndani ya kompyuta iliyojifunga, salama.