Punda Niliyemweka Mahali pa Picha ya Dada Yangu

Wakuu, mimi ndiye niliyemvunjia dada yangu uchumba. Tena kwa picha ya punda.

Nipo Lahore, Pakistan. Nyumbani nina kompyuta kuukuu niliyoigeuza seva, naweka humo picha ninazopiga kwenye harusi za ukoo. Data ya mwezi ina kikomo, kwa hiyo kila asubuhi nakagua nani kavuta kiasi gani.

Mwezi ule data iliisha tarehe kumi na moja!

Nikachimba kumbukumbu za seva. Picha moja tu ilikuwa imefunguliwa mara mia nne, karibu zote na mtu mmoja, yuko mji wa Multan.

Nikaitazama. Rubab! Dada yangu, na mtandio wake wa kijani, anacheka.

Damu ikanichemka. Yaani kuna fedhuli anamkodolea macho dada yangu kutwa, na data anakula yangu?

Mwenye akili angemuuliza mama. Ila kwetu neno kama hilo halipelekwi kwa mama, ni aibu. Nikaona nilimalize kiume.

Ijumaa asubuhi nikaitoa ile picha, nikaweka ya punda kwa jina lilelile la faili, na maneno mekundu: "HUNA HAYA WEWE. KAMTAZAME DADA YAKO."

Nikanywa chai yangu nikichekelea.

Baada ya swala simu ya mama ikalia. Akaipokea kwa spika, sote tukasikia.

"Dada," mwanamke akasema, "tumekusanya ukoo mzima mbele ya runinga tuwaonyeshe mkwe wetu. Tumeona punda. Asante kwa kutuonyesha mapema adabu ya nyumba yenu."

Akakata.

Mama akanigeukia. "Nauman, umefanya nini?"

"Kwani Rubab ana mchumba? Mbona sijaambiwa?"

"Kwa sababu ya mdomo wako! Wa kwanza ulimwita kipara mbele ya mama yake. Wa pili ukamuuliza mshahara kabla hajakaa. Dada yako ana miaka thelathini na mbili, Nauman! Nani mwingine atabisha hodi hapa?"

Kumbe mshenga ndiye aliyewapelekea kiungo cha ile picha kwenye seva yangu. Na huyo fedhuli wangu wa Multan alikuwa Fakhar, bwana harusi mwenyewe.

Nilipiga simu kuomba radhi. Baba yake akaniuliza kama naongea mimi au punda.

Wiki moja baadaye Rubab akaja chumbani kwangu, akasimama nyuma ya kiti. Hakuwa akilia.

"Kaka, ni kweli alinitazama mara mia nne?"

"Kweli."

"Na tangu Ijumaa?"

Picha yake nilishairudisha siku ileile, na jibu nilikuwa nalo, lakini nilijifanya nakagua. Niliona haya kugeuka.

"Hata mara moja."

Akarudi jikoni kumenya vitunguu. Huu mwaka wa pili, chakula ananiwekea mlangoni na hanisemeshi.

Nyie mnaojiita walinzi wa dada zenu, waulizeni kwanza wenyewe kama wanataka kulindwa. Mimi sikuuliza.