Bi Mayasa na Saumu za Alhamisi

Hillbrow nzima, mtaa wa maghorofa wa Johannesburg, iliijua pua ya Mayasa wa Tanga. Zamani, akiwa amesimama chini kwenye robot, taa za barabarani, alinusa samaki aliyeharibika ndani ya friji ya ghorofa ya tisa, akapanda kugonga mlango. Asiyeamini akamuulize mwenye samaki, ila alihama kwa aibu.

Kisha ikaja korona, ikaondoka na pua, ikabeba na ulimi. Homa ilipoa, harufu na ladha havikurudi. Iliki ikawa sawa na vumbi. Naye riziki yake ni pilau na mchuzi wa kuwauzia mafundi wa mtaa jirani wa Doornfontein. Nani anunue kwa mpishi asiyenusa? Siku moja jirani yake Kidawa akamuuliza mbona haonji chungu, ulimi ukamteleza: "Nimefunga, shoga."

Ilikuwa Jumatatu. Alhamisi akafunga tena, kwa mdomo tu. Mlango ukishakomewa, chapati na chai. Basi pilau akapika siku hizo mbili, nyingine akauza maandazi yasiyotaka kuonjwa.

"Wewe funga, mie nionje, thawabu tugawane," alisema Kidawa, akawa anaonja kijiko juu ya kijiko. Ongeza chumvi. Ongeza tena. Majirani wakaanza kumwita mchamungu, wakimwomba awaombee dua, naye akiitikia macho chini.

Chuo cha Doornfontein kilipotafuta watu wa kupimwa pua na ulimi, Kidawa alimkokota. "Wasipopima yako, watapima ya nani?"

Mwenye kuuliza maswali alikuwa Victoire, dada wa Lubumbashi. Alitaka kila mtu aingie peke yake. Kidawa akakataa. "Tuulize hapa hapa. Huyu mimi namjua mpaka kikohozi chake."

Kidawa akaulizwa umri, akapunguza. Akaulizwa sigara, akasema labda moshi wa jiko la Mayasa.

"Na ugonjwa, mama?"

Kidawa akashusha sauti. "Presha. Daktari kanikataza chumvi tangu mwaka jana."

Mayasa akamgeukia. "Hukuniambia."

"Ningekwambia ungetafuta mwonjaji mwingine. Thawabu za mfungaji ningezipata wapi?"

Mayasa akakumbuka siku zile Kidawa alipokaa kwenye ngazi ameshika kichwa, akisingizia jua. 

Victoire akamsogezea kikombe chenye maji ya kuonja. "Na weye mama, pua iko namna gani?"

"Huyo msimpe," Kidawa akadakia. "Leo Alhamisi, kafunga."

Mlango wa kutokea ulikuwa huo, mpana. Mayasa akachukua kikombe, akanywa.

"Mayasa. Saumu yako."

"Asubuhi nimekula chapati. Sijawahi kufunga Alhamisi hata moja, Kidawa. Tangu korona sinusi, sionji."

Kidawa akauliza: "Na pilau la Jumatatu?"

"Ulilipika wewe. Mimi nilikoroga."

Kidawa akavuta mtandio wake, akahamia kiti cha mlangoni.

"Unasikia ladha gani, mama?" aliuliza Victoire.

Kwa mazoea, Mayasa akainua macho kwa Kidawa, akingoja aambiwe. Kidawa akageuza uso.