Kaseti Aliyoimba Radi kwa Upole

Zamani hizo, kabla hajashika nyundo ya kutengenezea makochi, alikuwa mwimbaji na aliitwa Radi. Bendi yao ilipiga roki, ile ya gitaa za umeme zinazolia mpaka vioo vya ukumbi vinatetemeka, naye katikati, vifungo vya shati vimefunguliwa vyote, akipiga mayowe kama mtu aliyeibiwa. Vijana walimpenda kufa. Wazazi wao hawakutaka hata kumsikia akitajwa.

Sasa ni fundi makochi. Anagonga mbao na kukata sponji katika chumba cha mbele cha nyumba yake, na mkewe hukaa dirishani kwenye cherehani akishona vitambaa vya kuvalisha viti. Mtaa mzima unawaita Baba Punje na Mama Punje. Punje mwenyewe hayupo. Alikuwa binti yao wa pekee, akafariki akiwa na miaka minne, na sitawazungusha: kifo hicho ndicho kilichomtoa Radi kwenye bendi.

Mtoto alishikwa na homa asubuhi. Mama akasema, "Tumalizie kwanza dawa hii iliyopo, kesho tumpeleke hospitali." Baba hakubisha. Jioni ile alikuwa na onyesho, akaenda akaimba. Kesho yake hawakuwahi. Tangu hapo wakaishi nyumba moja, wakila sahani moja, na siku ile haitajwi.

Wengine wakifiwa hulewa. Yeye alirekodi. Aliwaaga wenzake, akaingia studio peke yake na gitaa moja tu, akaimba nyimbo nane kwa sauti ya chini kabisa, ile aliyokuwa akimbembelezea Punje, maana ile nyingine mtoto aliiogopa. Wimbo wa nane, wa mwisho upande wa pili, ulikuwa wa mkewe. Yote aliyoshindwa kumwambia ana kwa ana aliyatia humo.

Jamani, albamu ile ilidoda! Redio ziliipiga mara mbili tatu zikachoka. Mashabiki wakacheka mpaka basi. "Huyu ndiye Radi, au kabadilishwa na mtoto wa kwaya?" Wenye maduka wakamrudishia maboksi yake yakiwa hayajafunguliwa. Hayo aliyameza. Lililomkaa rohoni ni kwamba hata mkewe hakuisikiliza. Alimwekea kaseti juu ya cherehani, mwanamke akaitazama, akaitupia kwenye droo ya nyuzi.

"Kifo cha mwanangu umekifanya biashara," akasema, akaendelea kupinda kitambaa.

Angeweza kumweleza palepale, yakaisha. Thubutu! Msanii bwana, na kiburi chake. Kwake yeye jambo likishaimbwa limeshasemwa, na kulirudia kwa mdomo mtupu ni kujidhalilisha. Kaseti si anayo? Siku akitaka atasikiliza. Akanuna, na mwenzake naye akanuna, na hivyo hivyo ikapita miaka ishirini na sita.

Mwaka huu Mama Punje akaanza kupotewa na masikio. Unamwomba mkasi, anakuletea chai. Walicheka mwanzoni. Kisha daktari akawaambia kwamba masikio yote mawili yanakufa, na baada ya miezi michache hatasikia kitu.  Walipofika nyumbani mama wa watu aliiendea droo, akapekua chini ya nyuzi, akamtia mumewe kaseti mkononi.

"Niwekee, Baba Punje. Nisije nikawa kiziwi kabla sijajua uliimba nini."

 Mumewe alikimbia kwa jirani kuazima redio ya kaseti, akarudi anahema, akaikalisha mezani na kubonyeza. Sauti yake ya ujana ikaja, laini. Mkewe alikuwa ameegesha sikio kwenye spika.

"Mbona haianzi?"

"Imeanza, mke wangu." Akaongeza sauti mpaka mwisho.

"Nasikia kama mtu anakaanga kitu."

Wakasikiliza hivyo hivyo upande wa kwanza na wa pili. Wimbo wa nane ulipoisha, Mama Punje alikuwa hajaambulia hata neno moja, na machozi yanamlenga.

"Basi niimbie wewe," akasema. "Kwa ile sauti yako mbaya."

Ile sauti hakuwa ameigusa tangu alipoiacha bendi. Akasimama katikati ya makochi yasiyo na vitambaa, mzee wa watu, akavuta pumzi, akauimba wimbo wa nane kwa mayowe. Jirani alitoka nje akidhani kuna msiba. Aliimba kwamba si yeye Mama Punje aliyemchelewesha mtoto. Kwamba aliposema kesho, mumewe alifurahi, kwa sababu alikuwa na onyesho na hakutaka kulikosa. Kwamba kama kuna wa kulaumiwa, ni huyu anayeimba.

Safari hii Mama Punje alisikia kila neno. Alikaa kwenye kiti cha cherehani, mikono imelala mapajani, akimtazama tu.

"Miaka ishirini na sita," akasema. "Kila nikilala najua nimemuua mwanangu. Na kila nikikutazama usoni najua na wewe unasema hivyo moyoni. Kumbe ulikuwa nalo hili, Baba Punje? Ukawaambia redio, ukawaambia wenye maduka. Mimi niko hapa, hatua tatu kutoka kwenye nyundo yako. Mimi ulishindwa kuniambia?"

 Kiburi chote kilikuwa kimemwishia Baba Punje, alitaka kusema neno moja tu la kuomba msamaha, na akalisema. Lakini koo lilikuwa limechanika kwa mayowe, na neno likatoka pumzi tupu.

"Unasemaje?" mkewe akauliza.

Akalirudia. Midomo ilicheza, sauti haikuja. Mama Punje akainuka, akamsogelea, akaweka kiganja nyuma ya sikio.

"Sema basi, mume wangu. Sikusikii."